Mwaliko wa Shemeji

Kidole cha shahada ndicho kilichomponza Cheche. Watu wa mji ule huvuka mpaka kama wanavyovuka barabara: unaonyesha kitambulisho, unaweka kidole kwenye kimashine, unagongewa muhuri, unakwenda zako. Yeye alipoweka chake, askari wa nyuma ya meza aliangalia kioo cha kompyuta, akamwangalia usoni, akarudi kwenye kioo, kisha akasogeza kiti nyuma kidogo kama mtu aliyesikia harufu mbaya. Hakumweleza mengi. Alimwambia watu wa namna yake hawaingii hivihivi, wana ofisi yao mjini, aende huko akaombe kibali. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alivuta kapu lake, akalibana katikati ya miguu.

Cheche ni jina la kazini. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mageti na madirisha ya nondo, na wenzake karakanani walimpa jina hilo si kwa ukali bali kwa mashati yake. Hakuwa na shati hata moja lisilotobolewa na cheche, mpaka wakasema zikiruka zinajua kwao ni wapi. Mwenyewe alikuwa mpole, maneno yake ya kuhesabu, hata kugombea zamu ya bomba hawezi. Ndiyo maana habari ilipoenea kwamba Cheche amemtoa mtu jicho, kila mmoja karakanani alingoja mwenzake aseme ni uongo.

Haikuwa uongo. Aliyetolewa jicho alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, mfanyabiashara wa nafaka kutoka ng'ambo ya mpaka ambaye wakati huo alikuwa amepanga nyumba upande huu. Siku hiyo mchana Cheche alipita pale kumpelekea mama yao dawa, kwa kuwa mama alikuwa kwa binti yake wiki ile. Alimkuta mdogo wake sakafuni jikoni, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na mumewe amesimama juu yake, mchi bado mkononi. Cheche hakuuliza kitu. Aliunyakua mchi uleule akampiga nao usoni.

Mahakamani mdogo wake alisema aliteleza bafuni. Mumewe, alisema, alikuwa anamwinua tu, ndipo kaka mtu akaingia kama kichaa. Mama alipoulizwa alisema alikuwa usingizini chumbani, hakuona wala hakusikia. Cheche alimtazama mama yake kutoka kizimbani, na mama akatazama ndala zake. Alipewa miaka mitatu, akaitumikia. Alipotoka akakuta nyumba ile ina wapangaji wengine: mdogo wake na mumewe walishahamia ng'ambo, na mama wamemchukua, maana nani mwingine angemtunza? Hakuna aliyemuaga wala aliyemtumia salamu. Akarudi karakanani, akakusanya vifaa vyake vilivyokuwa vimeazimwa na kila mtu, akaanza upya.

Mwaka ukapita na ushei. Ndipo mama alipompigia kwa simu ya jirani. Moyo wake umepanuka, alisema, ndivyo alivyoambiwa hospitali. Miguu imejaa maji, akilala chali pumzi inakata, kwa hiyo analala amekaa kama abiria. Hakutaja yaliyopita. Alisema tu, kwa sauti ya kuamrisha aliyokuwa nayo siku zote, "Njoo nikuone. Na usinipe habari za mpaka. Njoo."

Ofisi ya vibali ya nchi jirani, ile aliyoelekezwa pale mpakani kidole kilipomkataa, ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Kwenye dirisha la wenye rekodi ya jinai aliketi mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alipokea karatasi za Cheche, akazisoma, kisha akauliza kosa lilikuwa nini.

"Limeandikwa hapo," Cheche alisema.

"Nimekuuliza wewe, sijaiuliza karatasi."

"Kujeruhi."

"Sisikii."

Akasema tena, na safari hii ukumbi mzima ukasikia. Waliokuwa wamekaa naye kwenye benchi hawakuhama, ila kila mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana jambo la kutazama upande mwingine. Yule mwanamke akamsomea masharti. Alete nakala ya hukumu. Alete cheti cha polisi kwamba tangu atoke hajafanya kosa. Na alete barua ya mwenyeji huko ng'ambo, mtu mwenye nyumba yake, atakayetamka kwamba analijua kosa, anampokea mkosaji na atajibu kwa lolote atakalofanya. Cheche aliuliza kama mdogo wake anaweza kuwa mwenyeji. Mwanamke akamuuliza mdogo wake anaishi huko kwa hati gani. Kwa hati ya mumewe. Basi hawezi; nyumba si yake, hata yeye mwenyewe huko ni mgeni wa mumewe.

"Huyo mume si shemeji yako?" alisema, akimrudishia karatasi. "Muombe yeye. Mbona una bahati."

Cheche alishuka ngazi akiwa hajui acheke au atapike.

Siku kadhaa alizunguka na simu mfukoni kama mtu aliyebeba kaa la moto. Mwishowe akapiga moyo konde, akapiga wakati wenzake wamekwenda kula. Shemeji alipokea, akamwacha ajieleze mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo lililomtisha Cheche kuliko matusi. Kisha akaongea taratibu, kama anayepanga bei ya magunia. Alisema yeye sasa ni mtu mkubwa huko. Anagombea uenyekiti wa chama cha wafanyabiashara wa nafaka, na kila kikao mahasimu wake wanampaka matope: eti mpiga wake, eti jicho hilo alitolewa na shemeji yake kwa sababu anazozijua mwenyewe. Amechoka. Barua ya mwenyeji ataandika, tena nzuri. Lakini kwanza Cheche aandike yake, kwa mkono wake na sahihi yake, kwamba alimvamia bila sababu na kwamba mkono wa mdogo wake ulivunjikia bafuni.

"Unajua kwamba si kweli," Cheche alisema.

"Mahakama ilisema ni kweli. Wewe ni nani?"

"Mama anaumwa, shemeji."

"Mama yako anakula kwangu, analala kwangu, dawa nanunua mimi. Wewe ulimletea nini ulipokuwa ndani? Ukitaka kumuona, andika. Hutaki, basi utamuona siku ya kumzika, kama watakuruhusu."

Jioni mdogo wake akampigia, mara ya kwanza tangu mahakamani. Cheche alipoona namba akadhani mama amekufa. Lakini dada mtu alikuwa na lake moja. Alimsihi aandike. Ni maneno tu, alisema, maneno hayaumi, na hapo nyumbani hapakaliki tangu simu ile ipigwe. Cheche akamuuliza mkono wake unaendeleaje. Akajibu kwamba hauinui ndoo. Akamuuliza ulivunjikia wapi. Akasikia sufuria inachemka, mfuniko unagonga.

"Bafuni," alisema. Simu ikakatwa.

Akaandika. Usidhani aliandika kwa wepesi. Alikaa kitandani na kipande cha mbao mapajani, akaanza, akachana, akaanza tena, na kila alipofika kwenye neno "bafuni" kalamu ilikuwa nzito kama kipande cha reli. Alijikaza kisabuni. Alijiambia jela amekwishatumikia, heshima ilikwishakwenda, kilichobaki ni mama, na mama ana pumzi za kuhesabu. Akaikabidhi bahasha kwa dereva wa lori la nafaka, na baada ya muda dereva yuleyule akamletea bahasha nyingine, imefungwa kwa gundi na muhuri wa kampuni ya shemeji juu yake, imeandikwa kwamba ifunguliwe na ofisi ya vibali peke yake. Cheche hakuifungua. Alitaka kufuata kila sharti.

Aliyemhoji kwenye ofisi ya vibali alikuwa kijana, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Hakumwambia aketi. Alifungua bahasha ya shemeji, akaisoma mara moja, kisha akachukua nakala ya hukumu akaiweka kando ya ile barua, kidole kimoja huku na kimoja kule, na uso wake ukachangamka kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Hapa mbele ya hakimu ulijitetea kwamba ulikuta dada yako anapigwa," alisema. "Na hapa mwenyeji wako anasema umekiri kwa maandishi kwamba hakupigwa na mtu, aliteleza. Ameambatisha na hiyo karatasi yako. Sasa nieleze, ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa?"

Cheche aliyapima majibu yote mawili. Akisema alidanganya wakati ule, basi ni mtu wa kuvamia watu bila sababu na kuongopea mahakama. Akisema anadanganya sasa, barua ya mwenyeji inakufa palepale. Kama shemeji alijua kwamba karatasi mbili hizi zitagongana, au alitaka tu kujisifu mbele ya serikali, mpaka leo Cheche hana hakika. Lakini pale mbele ya meza alichoka. Uongo ule alikuwa ameubeba siku chache tu, na tayari ulikuwa umemlemea kuliko miaka yote mitatu.

"Nadanganya sasa," alisema.

"Kwa nini?"

"Nyinyi mmetaka mwenyeji, na mwenyeji ametaka hivyo. Mama yangu yuko kwake, anaumwa."

Kijana yule akacheka, si kwa sauti kubwa. Akamuuliza kama anaelewa kwamba anakiri kuleta maelezo ya uongo kwenye ofisi ya serikali ya watu. Cheche akasema anaelewa. Akamuuliza anajuta kumtoa mtu jicho. Cheche akafikiri, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. Akasema jicho analijutia, hakulikusudia, angeweza kulirudisha angelirudisha. Ila kumzuia yule mtu hajutii.

"Nchi yetu ina wakorofi wa kututosha," kijana alisema, na akaandika neno moja chini ya karatasi, akalipigia mstari. Cheche alilisoma juu chini: *Haaminiki*. Alipouliza anaweza kuomba tena lini, aliambiwa afunge mlango kwa nje.

Karakanani hakumwambia mtu. Alichomelea geti la shule moja vibaya, bawaba juu chini, ikabidi alikate lote, na tajiri wake akamfokea mbele ya wateja. Kwa mama hakupiga. Angesema nini?

Kumbe mambo ng'ambo yalikuwa yanachemka. Mchana mmoja simu ikalia, ni mdogo wake, na sauti yake imekauka kama kuni.

"Njoo mpakani umchukue mama yako," alisema. "Kesho asubuhi. Amenivunjia nyumba."

Habari yenyewe aliipata vipandevipande, kidogo kwake siku ile, kidogo kwa mama baadaye. Shemeji alikuwa ameita watu nyumbani, wanachama wa nafaka na wazee wa ukoo wake, akawaandalia viti na soda, kisha akawasomea karatasi ya Cheche kwa sauti. Alisoma vizuri, akipumzika mahali pa kupumzika. Mama alikuwa chumba cha pili, amekaa kwenye godoro lake, na ukuta wa nyumba ile ni mwembamba. Alisikiliza mpaka kwenye sahihi. Kisha akainuka, yeye ambaye kwenda chooni alikuwa anashikwa mikono, akatambaa na ukuta mpaka sebuleni, akasimama katikati ya wale wanaume akihema. Aliwaambia kwamba siku ile hakuwa usingizini. Alikuwa mlangoni, na mchi aliuona, na mkono aliusikia ukivunjika. Mahakamani alinyamaza kwa kuwa binti yake alimpigia magoti usiku kucha. Lakini mwanawe hajaandika mambo yale kwa hiari, na aliyemwandikisha ni huyo hapo.

Wageni waliondoka soda zikiwa nusu. Hakuna aliyemtetea mama wala aliyemkemea mwenye nyumba. Walijitoa mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake. Shemeji hakumgusa mama mkwe. Alimwambia mkewe amtoe nyumbani kwake kabla ya kesho mchana.

Cheche alifika mpakani mapema na teksi ya rafiki yake. Kati ya kizuizi cha upande huu na kile cha ng'ambo kuna kipande cha lami, si kirefu, kina mstari wa njano katikati. Wenye kuvuka hukipita wakila mahindi. Yeye alisogea mpaka kwenye mstari, askari wa ng'ambo akamtambua, akamwambia akiupita hata kwa kisigino atamweka ndani. Cheche akasema anamsubiri mama yake mgonjwa. Askari akasema hata angekuwa anamsubiri nabii.

Walikuja kwa mkokoteni. Mama alikuwa juu yake, amekaa kwenye godoro lililokunjwa, shuka mabegani, miguu imevimba hata ndala hazikuingia, na mchukuzi anasukuma huku anatukana mashimo. Mdogo wake alitembea kando ameshika begi la dawa kwa mkono wa kushoto. Kwenye kituo cha ng'ambo waliwazuia muda mrefu. Askari mmoja alitaka mama ashuke aje mwenyewe kuweka kidole, mwingine akaona aibu, akamletea kimashine kwenye mkokoteni. Cheche alikuwa anatazama yote hayo, mikono imening'inia, hana la kufanya.

Mkokoteni ulipofika mstarini mama alimtazama mwanawe kutoka juu hadi chini. Alikuwa amepungua nusu, isipokuwa miguu.

"Ule upuuzi uliuandika kwa mkono wako?" alimuuliza. Hata salamu hakumpa.

"Nilitaka kukuona, mama."

"Haya, nione."

Mchukuzi akauvusha mkokoteni. Mdogo wake akanyoosha begi juu ya mstari, Cheche akalipokea, lakini dada mwenyewe hakuvuka. Alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba angeweza kumshika bega. Cheche akamwambia avuke, chumba kipo, watabanana. Dada akajibu kwamba nyumba yake iko huku.

"Nyumba gani? Si umesema imevunjika?"

"Nitajua mwenyewe pa kuishikia."

Hapo Cheche akasema jambo ambalo huenda hakupaswa kulisema siku ile. Alimuuliza tena, mbele ya mama na mchukuzi na askari, mkono ule ulivunjikia wapi.

Mdogo wake hakupandisha sauti. "Unajua ulikovunjikia," alisema. "Ulijua tangu siku ile, mama alijua, nadhani hata hakimu alijua. Kujua kwenu kumenisaidia nini? Wewe ulipiga, ukaenda zako jela. Mimi nilibaki na mtu wa jicho moja, ananitazama kwa lile lililobaki, na kila akitazama anakuona wewe. Nilikuwa nimeshamzoea. Nilikuwa najua siku zake mbaya na namna ya kuzipita. Sasa mmeniharibia na hilo."

Cheche akanyoosha mkono. Askari akapiga kelele, "Wewe!", na dada mtu akarudi nyuma hatua moja, si kwa ajili ya askari. Kisha akageuka akaondoka, akipishana na watu waliokuwa wanakuja na mizigo yao, na mkono wa kulia ameubana kifuani kama anavyofanya mtu mwenye baridi. Mama akamwita kwa jina lake la utotoni. Hakugeuka.

Ndani ya teksi mama alikaa kiti cha nyuma, mto mgongoni, na Cheche akaketi kando yake, akaipakata miguu yake ili isining'inie. Ilikuwa mizito na baridi, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Dereva alikuwa na akili ya kuzima redio.

"Ulikuwa karibu naye," mama alisema mwishowe. "Hukumvuta."

"Wangenifunga, mama."

"Ulishafungwa."

Hasira ikampanda Cheche, hasira ambayo hakuwa nayo kwa afisa wala kwa askari wala hata kwa shemeji. Alitaka kumuuliza yeye alikuwa wapi siku ile mahakamani, ndala zile zilikuwa na nini cha kutazamwa. Maneno yalimfika mdomoni. Akamtazama: macho ameyafumba, mdomo wazi, anavuta hewa kama anayevuta kamba ya kisima. Akayameza. Akamwambia tu kwamba chumba chake kiko chini, hakuna ngazi, na kwamba kwa mdogo wake wataanza kupiga simu leo jioni, na kesho, na keshokutwa, apokee asipokee.

"Utapiga wewe," mama alisema bila kufumbua macho. "Mimi hatanipokea tena."

Cheche akaivuta shuka akamfunika magoti, na dereva akapunguza mwendo kwenye mashimo.